Kipimo kifike Nyandira pia

Mimi ni mwenyeji wa Mgeta, na makala yenu kuhusu vipimo vya damu vya sepsisi (maambukizi makali yanayodhuru viungo) imepitia jambo moja haraka mno. Lakteti hupanda damuni pale viungo vinapoanza kukosa oksijeni, kwa hiyo kipimo chake kina faida kikiwahi. Masika, barabara ya Uluguru ikiwa tope tupu, mgonjwa wa Nyandira akifika hospitali ya mkoa Morogoro mjini, saa za kumwokoa zimeshapungua. Kifaa cha lakteti hushikika mkononi na hutumia tone la damu. Kwa nini kisikae kwenye vituo vya afya vya huku juu?

Halafu namba peke yake isitutawale. Malaria kali nayo hupandisha lakteti, hata CRP na prokalsitonini, viashiria vingine vya maambukizi damuni, na huku kwetu malaria na sepsisi hukutana mwilini mwa mtoto mmoja. Tukumbuke utafiti wa FEAST wa 2011, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi: kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Matibabu yaliyoaminika sana yaliwadhuru watoto wetu! Vivyo hivyo, viwango vya hatari vya lakteti vilivyopangwa kwingine vipimwe kwanza kwa wagonjwa wa hapa.

Wizara ya Afya, tunaomba vifaa vya lakteti vianzie vituo vya milimani.