Waheshimiwa, Pandeni Basi la Mandera

Wasee, chukueni ramani kwanza. Nairobi hadi Mandera kwa hewa ni kama kilomita 800, ndege haimalizi masaa mawili. Nairobi hadi Dar es Salaam ni kilomita 670 hivi. Tofauti ni ndogo, lakini mwambie mtu wa Nairobi unaenda Dar, atakuitisha zawadi. Mwambie Mandera, atakupa pole.

Sasa shuka chini. Kwa barabara, ukipitia huku kwetu Garissa halafu Wajir, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mpaka Garissa ni lami, ukiombea tu mafuriko yasiikate pale Madogo kama 2023 na tena 2024. Mbele yetu lami inakuja vipande vipande, halafu mchanga, na mvua ikinyesha ni matope. Abiria anatoka Eastleigh leo, anafika kesho, au kesho kutwa. Kuna mwenzake aliyeenda Dubai siku hiyo hiyo, kilomita zaidi ya 3,500. Masaa matano ameshatua, amekula, amelala, amepiga picha na maghorofa. Basi bado liko mchangani huko El Wak.

Na mnajua nani hayuko kwa hilo basi? Mheshimiwa. Mbunge, seneta, gavana, mkubwa wa wizara, wote wanapaa. Barabara wanaiona kupitia dirishani, laini nyembamba ya kahawia, inakaa poa kabisa ukiwa juu. Wallahi hata mimi ningeisahau.

Msiniambie ati ni usalama. Najua. Novemba 22, 2014, Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi wakaua watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wanaenda likizo. Desemba 2015 wakashambulia basi lingine, abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Lakini hebu fikiria: gari likitambaa mchangani ni rahisi kulivizia, na bomu linafukiwa mchangani haraka kuliko kwenye lami. Usalama ndio sababu ya kujenga hiyo barabara, na bado mnautumia kama kisingizio cha kungoja.

Na hii haikuanza jana. Desemba 1963, uhuru haujamaliza hata mwezi, serikali ilitangaza hali ya hatari huku kwetu. Ikaondolewa 1991. Hapo katikati, 1965, ukaja ule Waraka Namba 10: pesa za maendeleo ziende kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Yaani si huku. Mzee wa Wajir akipanda basi la Nairobi anasema anaenda Kenya, na nyinyi mnacheka. Yeye hafanyi mzaha.

Ndio, kuna mradi wa Isiolo, Wajir hadi Mandera, Benki ya Dunia ilikubali kuufadhili 2020. Poa. Lakini mpaka lami ifike, nataka kila kiongozi wa kaskazini mashariki, na waziri wa barabara pamoja nao, wapande basi hilo mara moja kwa mwaka, mwezi wa mvua. Nauli ile ile, askari wale wale wa abiria. Viti vya nyuma kabisa, juu ya tairi, ndivyo nawawekea.