MAMBO YA NYUMBANI: Matembezi ya Jumamosi na Mtoto Mchanga

Mjini Nakuru, kama katika miji mingine ya Bonde la Ufa, Jumamosi adhuhuri ikifika, baba wa nyumba huoga, huvaa koti lake, akaenda zake kuzungumza na rafiki. Mkewe hubaki na mtoto. Wiki nzima amekaa katika vyumba viwili, akifua, akipika na kunyonyesha, na hata siku ya mapumziko haimletei mapumziko. Huko kijijini mzazi alikuwa na mama mkwe, mashangazi na majirani wa kumpokea mtoto. Mjini hana ila mumewe. Basi asidhani mtu kuwa matembezi ya jamaa yote ni anasa ya matajiri. Kwa mama aliyechoka ni dawa.

Lakini mtoto mchanga ana masharti yake. Wazee wengi walikataza mtoto kutolewa nje kabla ya siku arobaini, na agizo hilo lina busara, kwa kuwa mwili wake bado ni dhaifu. Chanjo huanza azaliwapo, zikafuata za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya surua hungoja miezi 9. Kwa hiyo safari za kwanza ziwe fupi, nazo ziwe mahali penye hewa safi, si sokoni wala penye msongamano wa watu.

Mahali hapakosekani. Karibu na mji, kando ya barabara iendayo Nairobi, ni Hyrax Hill, kilima kilichoitwa hivyo kwa sababu ya pimbi wakaao katika nyufa za mawe. Hapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, akafunua makao na makaburi ya watu wa kale. Mahali hapo pana hata mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Mwendo wake ni mfupi, nao wamfaa mama mwenye mtoto.

Menengai ni jambo jingine. Ukingo wake wapata mita 2,278 juu ya bahari, na shimo lake lina kina cha karibu mita 500. Upepo wa huko ni baridi hata jua likiwaka. Mtoto avikwe kofia na blanketi, na yule aanzaye kutambaa asiwekwe chini hata kidogo.

Katika hifadhi ya Ziwa Nakuru, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1968, hatari ni nyani. Huwajia watu wanaokula, nao hawamwogopi mama aliyeshika ndizi. Heri mtoto alishwe ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa. Tena wageni wasitarajie kuliona ziwa lote likiwa la rangi ya waridi kama katika picha za zamani. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda sana, na heroe wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Na aendaye Bogoria akumbuke kuwa chemchemi zake zina maji ya moto yawezayo kumwunguza mtoto vibaya kwa kitambo kidogo tu.

Liko jambo ambalo wazazi wengi hulisahau, nalo ni maji ya kunywa. Mtoto asiyetimiza miezi 6 hahitaji maji wala uji. Maziwa ya mama yatosha, na hayo hayana haja ya chupa. Aliyepita umri huo hupewa maji, na maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, lakini visima vingi hupita kiasi hicho. Mtoto ayanywaye miaka yake ya kwanza huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Basi jamaa itokapo nyumbani ichukue maji yake: ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo Kanisa Katoliki la Nakuru limeifanya kwa miaka mingi.

Katika gari, mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Gari lisimamapo ghafula, mikono ya mzazi, hata awe na nguvu namna gani, haiwezi kumzuia. Mwenye gari lake na anunue kiti cha mtoto, akifunge nyuma.

Mwisho, ni nani atakayembeba? Wako wanaume waonao haya kumchukua mtoto njiani, wakatangulia mikono mitupu huku mke akifuata na mtoto, kikapu na mwavuli. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba na ambebe mtoto kutoka kituo cha matatu hadi juu ya kilima, naye atajua uzito ambao mkewe ameuchukua tangu Jumatatu. Heshima yake haitapungua. Kisha warudi saa kumi, kabla baridi ya jioni haijashuka bondeni.