Ngoma Ni Zetu, Santuri Ziko Berlin: Mbona Ni Noma Kupata Sahani za Elektroniki Nairobi?

Kuna kitu haiko sawa na inafaa tuiongelee. Ukiingia duka la santuri Berlin ama London sai, si ajabu upate sahani iko na jina la msee wa Nairobi kwa kava. Lakini ukishuka mat tao, uzunguke kutoka Moi Avenue hadi River Road ukiuliza hiyo hiyo santuri, wasee watakuangalia ni kama umeuliza bei ya dinosa.

Usidhani hii ni story ya wasee wa luku wanaotaka pleya ya kupigia picha. Ni story ya doh, na ya nani ataweka muziki yetu isipotee.

Cheki mfano wa familia moja

Joseph Kamaru, yule mzee wa Gikuyu aliyefariki 2018, alitoa ngoma zake enzi za santuri ndogo za 45. Wakati huo Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Ngoma ilirekodiwa hapa, ikachapwa hapa, ikauzwa River Road, ikaingia kwa jukibox za baa. Kila kitu hapa hapa.

Mjukuu wake, mwenye pia anaitwa Joseph Kamaru, ndiye KMRU. Huyu anafanya muziki wa elektroniki, ile ya sauti za mtaa zimegeuzwa kuwa kitu unaweza ingia ndani ukae. Albamu yake Peel ilitoka 2020 kupitia Editions Mego, lebo ya Ulaya. Mwaka huo huo Duma, wale vijana wawili wa Nairobi wenye walichanganya metal na mashine, walitoa albamu yao na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hizo santuri zinauzwa sana sana majuu.

Yaani babu aliuza santuri River Road. Mjukuu, ukitaka yake, unaagiza kutoka ng'ambo kisha unalipia mzigo urudi nyumbani. Nini ilifanyika hapo katikati?

Kaseti, uharamia, na kiwanda kuenda

Miaka ya 80 kaseti iliingia. Kaseti ni rahisi kubeba, na ni rahisi zaidi kuiba. Msee mmoja na mashine mbili za kurekodi alikuwa anaweza toa kopi usiku kucha bila msanii kuona hata ndururu. Kampuni kubwa za muziki zikaona hakuna faida, zikafunga virago. Santuri ikabaki kwa kabati za wazazi.

Shida ni timing. Hizo ndizo siku house ilikuwa inazaliwa Chicago na techno Detroit. Kwa hivyo muziki wa elektroniki ulipoanza kusambaa dunia nzima kwa sahani za inchi 12, sisi tulikuwa tunatoka kwa hiyo biashara. Hatukuwahi pata duka la huo muziki, hata wakati ilikuwa kawaida kwingine.

Duka si stoo tu

Utasema, "Sasa? Si kuna flash na laptop?" Ni kweli, ma-DJ wengi wa hapa wanachapa kazi na flash na hakuna ubaya. Lakini cheki vile duka hufanya.

Hard Wax ya Berlin ilifunguliwa 1989 na Mark Ernestus. Ilikuwa inaleta techno ya Detroit mji wenye ukuta ulikuwa ndio unaanguka. Ma-DJ walienda kusikiza, wakajuana, na haikukaa sana Ernestus mwenyewe akawa nusu ya Basic Channel, lebo yenye mpaka leo prodyuza wanaiga.

Ama enda Croydon, kusini mwa London. Kulikuwa na duka linaitwa Big Apple Records. Hatcha na Skream walifanya kazi hapo, Benga akawa anakuja kushinda. Hao ndio vijana waliosukuma dubstep ikatoka mtaa ikaenda dunia nzima. Ilianza na kaunta, spika, na mtu wa kukwambia "hiyo ni fiti, hiyo rudisha studio."

Hiyo kaunta ndiyo tunakosa. Vipaji tuko navyo. Lakini ukitengeneza ngoma kwa bedsitter Kahawa West, mwenye anakwambia ukweli ni nani? Algorithm?

Uko na hamu? Anzia hapa

Kenyatta Market. Eeh, hapo hapo penye nyama choma na kusukwa nywele. Kibanda nambari 570 kinauza santuri za zamani na kinajulikana hadi nje ya Kenya. Usiende ukitafuta techno mpya utajiumiza roho. Enda ukitafuta disko. House ilitoka kwa disko, na sahani za disko za inchi 12 ndizo ma-DJ wa Chicago walikuwa wanakatakata. Ukipata moja safi, umeshika nyanya ya ngoma zako zote.

Kabla utoe doh, itoe kwa kava uinamishe kwa mwanga. Mikwaruzo myepesi haina noma, lakini ile yenye kucha inaisikia itaruka. Ishike usawa wa macho uone kama imepinda kama chapo. Halafu soma kodi iliyochorwa karibu na lebo, ndiyo hukusaidia kujua ni chapa gani.

Ukidai mpya, utaagiza onlaini, na hapo ndipo bei inapanda. Kuna bei ya santuri, kuna usafiri, halafu ikifika kuna ushuru, VAT ya 16% na tozo zingine juu. Usiagize moja moja. Tafuta wasee wanne watano muagize boksi moja mgawane usafiri. Na kama kuna binamu anatoka London Disemba, mwambie mapema, santuri tatu nne kwa begi si mzigo.

Sasa hii ni shida ya nani?

Usilaumu wateja tu. Pleya nzuri ni ghali na rent inangoja. Lakini kuna mambo mawili hayahitaji mtu awe tajiri.

Moja ni kwa wasanii. Ukisaini na lebo ya majuu, usiangalie asilimia peke yake. Itisha nakala. Santuri hizi huchapwa chache, mara nyingi mia tatu ama mia tano, na zikiisha zimeisha. Nakala 20 zikirudi Nairobi kwa mkataba, zitauzwa gig ya kwanza bila mtu kulipia kontena.

Mbili, hatuhitaji duka zima kuanza. Santuri, ile shule ya muziki wa elektroniki hapa Nairobi yenye jina linasema yote, tayari inakusanya ma-prodyuza na ma-DJ. Kuna vilabu, kuna studio, kuna hicho kibanda cha Kenyatta Market. Kreti moja kwa kona yenye watu washazoea kukaa inatosha kuanzisha kaunta.

Na mbona tujali? Mwaka wa 2010 Honest Jon's, duka la santuri la London lenye pia ni lebo, lilitoa mkusanyiko wa ngoma za kale za Afrika Mashariki unaoitwa Something Is Wrong. Walizitoa kwa hifadhi ya EMI kule Hayes, Uingereza. Yaani sauti za babu zetu ziliokoka kwa sababu kuna mahali zilichapwa na zikawekwa, na hapo mahali si hapa.

Sai ngoma nyingi za Nairobi ziko kwa laptop moja na akaunti moja ya mtandao. Laptop ikiibiwa kwa mat, ama hiyo kampuni ifunge, miaka arobaini ijayo mtu atachimba nini?

Kwa hivyo tuambie hapo chini: ukipewa nafasi ya kuchapa albamu moja ya elektroniki ya Kenya kwa santuri, nakala mia tatu tu, unachapa gani? Na unaiuzia wapi?