Thamani ya Saa Moja



Baadhi ya kina mama wameuliza: je, kujibu hojaji za mtandaoni kwa malipo ni kazi inayostahiki muda wa Muislamu? Swali hili ni la maana. Mwenye kuuliza hivyo anatafuta chumo la halali ndani ya stara ya nyumba yake, naye hastahiki kupuuzwa.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwenye kiwanda cha sabuni hutaka kujua wanunuzi wanapenda nini, basi huiajiri kampuni ya utafiti ikusanye majibu ya watu kupitia simu. Malipo huja kwa salio la simu, kwa M-Pesa, au kwa pointi zisizotolewa mpaka zifikie kiwango kilichowekwa. Kwa asili yake kazi hii haina ubaya. Inashabihiana na ile ambayo wanavyuoni wa fiqhi huiita ju'ala, yaani kuahidi ujira maalumu kwa atakayekamilisha jambo. Dalili yake huchukuliwa katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta kikombe cha mfalme.

Lakini uhalali ni jambo moja, na faida ni jingine. Maswali ya mwanzo huwa ni ya kuchuja: umri, makazi, kipato, vitu vinavyonunuliwa. Ukionekana si mtu anayetakiwa, au idadi yao imetimia, hufungiwa mlango, na mara nyingi hupati kitu. Tuchukue mfano. Hojaji ya dakika 20 inalipa shilingi 40. Kabla ya kuipata, mama amechujwa mara mbili, kila mara baada ya dakika 10. Basi dakika 40 zimezaa shilingi 40, sawa na shilingi 60 kwa saa, na gharama ya bando bado haijatolewa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kuahidi ujira akighairi ilhali kazi imeshaanza, humlazimu kulipa ujira wa mfano kwa kiasi kilichofanywa. Huyu aliyechujwa njiani hata hajui amdai nani.

Na hapo ndipo penye mtihani mkubwa kuliko hasara. Ili asichujwe, mtu huanza kusema ana gari hali hana, au hufungua akaunti tatu kwa majina matatu. Huo ni uongo na ghushi, na chumo la ghushi halina baraka hata likiwa shilingi 10. Mtoto aliyeketi ubavuni mwa mamaye anaona, na anajifunza.

Tukumbuke pia kwamba habari za nyumba ni amana. Kipato cha mume, maradhi ya watoto na nambari ya kitambulisho si vitu vya kumwagwa ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinachukuliwa kwa lengo gani. Uliza kabla hujajibu. Ama nambari ya siri ya M-Pesa, hiyo haina mtafiti wa kweli anayeihitaji. Na anayekutoza ada ya kujisajili, mkimbie: utafiti humlipa mwenye kujibu, haumtozi.

Rai yangu ni hii. Kwa wiki moja, andika kila dakika uliyotumia, pamoja na zile za kuchujwa. Toa gharama ya bando, kisha ulinganishe na saa hizo hizo katika mahamri, kushona kofia, au kusomesha watoto wa mtaani. Ikiwa ni muda wa kungojea unga uumuke au zamu yako hospitalini, na ukajibu kwa ukweli, hapana ubaya. Ikiwa unakula wakati wa swala, wa watoto au wa kazi ya mikono yako, basi umeuza ghali kwa bei ya rahisi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake.

Allah (S.W.) aturuzuku chumo la halali na atubarikie umri wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.