Mashini ikikataa diski, tusifute kilo za wakulima



Kila tunapotembelea koperative zenu tunakuta jambo moja. Katika biro kuna ordinatere ya zamani, mara nyingi ya Windows XP ao Windows 7, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Ndani yake mna kila kitu: orodha ya wanamemba, kilo za kahawa ambazo kila mmoja alileta kwenye kituo cha kuosha, avansi aliyopewa, na pesa anazodai bado. Tunauliza: nakala iko wapi? Sekretere anajibu: «Tulinunua diski ya inje, lakini mashini haiitambue.» Na diski iko kwenye kabati, mpya kabisa, inakusanya vumbi.

Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Zile kilo si mali ya sekretere wala ya prezida. Ni jasho la wakulima, na malipo ya pili yanapofika, zile hesabu njo zinasema nani apate ngapi.

Katika koperative moja kando ya Ziwa Kivu, kijana aliyekuja kusaidia alichomeka kle yenye hesabu za musimu muzima. Mashini ikaandika kwamba kle haijaformatiwa, ikauliza kama aiformati. Akabonyeza ndiyo. Kle ikafutika. Komite ikalazimika kuandika upya kila kitu kwa kufuata vikaratasi vya kupokelea kahawa. Mwenye kikaratasi alihesabiwa. Mama ambaye chake kililowa na mvua alibaki kubishana, bila ushahidi. Kle yenyewe haikuwa imekufa. Ilikuwa imeandaliwa kwa namna mpya ambayo mashini ya zamani haisome.

Njo maana tunasema: mashini ikiuliza kuformati kitu chenye hesabu ndani, jibu ni hapana. Ondoa kle, ipeleke kwenye mashini mpya zaidi, ijaribu kule. Kiisha tafuta sababu. Mara nyingi ni moja ya hizi tatu.

Ya kwanza ni kurant. Shimo la USB la zamani linatoa miliampea 500 tu. Diski ya inje inayozunguka inaweza kuomba zaidi wakati wa kuanza. Ukisikia inalia tik-tik, ao taa yake inawaka na kuzimika, ujue ina njaa. Kwenye mashini ya mezani, tumia mashimo ya nyuma, si ya mbele. Tumia kamba fupi. Ikikataa bado, tafuta kiboksi cha kuongeza mashimo ya USB chenye prizi yake yenyewe. Kle ndogo haina shida hiyo, na kwa hesabu za koperative inatosha sana.

Ya pili ni namna diski ilivyoandaliwa. Diski nyingi za leo zinakuja na exFAT, na Windows XP haisome hiyo mpaka iongezewe programu yake. Tena, diski kubwa kupita terabaiti 2 mara nyingi imegawanywa kwa namna ambayo XP ya kawaida haielewe kabisa. Kama diski ni mpya na haina kitu, iandae kwenye mashini mpya kwa NTFS. Kama ni kle, FAT32 inafaa, ila faili moja isifike gigabaiti 4. Kama ina vitu ndani, vikopie kwanza fasi nyingine.

Ya tatu ni herufi. Windows inapatia kila diski herufi yake. Kuna wakati mashini inalia kengele kuonyesha imeona kle, lakini kwenye «Poste de travail» haionekane. Inaweza kuwa herufi yake imekwisha kamatwa na kitu kingine. Fungua «Gestion des disques», itafute pale, uipatie herufi ingine. Hakuna kinachofutika ukibadilisha herufi tu.

Na tuwe na uvumilivu. Mashini za zamani sana zina USB ya mwendo wa kinyonga: kukopia gigabaiti moja kunaweza kuchukua robo saa ao zaidi. Watu wanafikiri imekwama, wanang'oa kle, na hesabu zinaharibika.

Kuna wanaosema: tununue ordinatere mpya, shida zitakwisha. Hatukubaliane nao. Ordinatere mpya isiyo na nakala inaibwa na wezi na kupigwa na radi sawa na ya zamani. Na sisi wa huku tunajua siku za kukimbia. Siku hiyo hakuna atakayebeba mashini kichwani, lakini kle mbili zinaingia katika mfuko wa nguo. Pesa kidogo za kle na za kumfundisha sekretere zitangulie.

Tunapendekeza kila komite ikubali mambo haya mbele ya mavuno kuanza. Kle mbili za kazi tu, zisizotiwa muziki wala filme, kwa sababu virusi vinapita humo. Moja ibaki biro, ingine ikae nyumbani kwa mtu wa komite ya kukagua. Kila juma nakala ifanywe, na ifunguliwe kwenye mashini ingine kuhakikisha inasoma. Na kitabu cha karatasi kisitupwe: sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu inafuata tangu 2012, inaomba kila koperative ishike kitabu cha wanamemba wake kwenye makao yake.

Usiogope kwamba wewe haujue ordinatere. Haiombwe ujue. Katika mukutano mukubwa unaokuja, inua mukono uulize: nakala ya kilo zangu iko wapi, na nani aliifungua mara ya mwisho, siku gani? Komite inayofanya kazi vizuri itakuwa na jibu. Isiyo na jibu, muipatie wiki mbili, kiisha muulize tena.