Kamera, Ziwa na Bima

Kwa kuwa Bwana Mhariri huturuhusu sisi wanafunzi wa zamani kuandika katika kurasa hizi, ningependa kusema juu ya jambo ambalo kwetu Gatete husemwa baada ya hasara tu: bima ya kamera iliyoingia maji.

Watu wetu wengi waijua bima ya gari, maana sheria yawalazimisha. Bima ya kitu kidogo huiona kuwa anasa. Lakini mtazameni kijana apigaye picha za harusi Rumonge, au aendaye ziwani usiku na wavuvi wa ndagala kupiga picha za taa juu ya maji. Kamera yake ni jembe lake, na huenda aliinunua kwa deni. Mtumbwi ukiyumba mara moja, jembe limekwenda na deni limebaki. Mtu wa namna hii, kwa maoni yangu, afadhali akose viatu vipya kuliko kukosa bima.

Wapo wasemao kwamba kamera za siku hizi haziogopi maji. Haya, tuisome vizuri alama wanayoitegemea. IPX7 maana yake chombo kilijaribiwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Tanganyika ina kina kipatacho mita 1,470! Tena dhamana ya kiwandani huhusu kasoro za utengenezaji. Aliyeitumbukiza kamera ziwani kwa kawaida hana la kudai.

Sasa juu ya mkataba wenyewe. Bima ya ajali hulipa hasara ya ghafula isiyotazamiwa. Kamera ikiponyoka mkononi ikaanguka majini, hiyo ni ajali. Ukungu ulioota ndani ya lenzi kwa miezi ya unyevu si ajali. Lakini je, maji yakiifuata kamera nyumbani? Hili si swali la mchezo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu, Gatumba na huku Rumonge. Mikataba mingi hutenga mafuriko na ajali, na kampuni yaweza kukuambia kwamba maji yaliyopanda kwa majuma uliyaona yakija, basi ungaliihamisha kamera. Ulizeni kabla ya kutia sahihi, na jibu liandikwe.

Liko jingine, la hesabu. Kamera ina thamani ya faranga 2,000,000, nawe kwa kutaka kupunguza malipo waiandikisha kwa 1,000,000. Ikapata hasara ya 600,000. Wadhani utalipwa zote? Yamkini utapewa 300,000, kwa kuwa uliikatia nusu ya bima; tena watapunguza ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba wakuachia wewe. Rafiki yangu mmoja alinyimwa kabisa: bima yake ilikuwa ya kamera ya nyumbani, kumbe alikuwa akilipwa harusini. Alikasirika sana. Mimi naona kampuni ilikuwa na haki, ingawa aliyemwuzia bima angaliweza kumwuliza kazi yake.

Kwa chama cha picha cha shule shauri langu ni tofauti. Kamera moja kuukuu, itumiwayo mara mbili kwa muhula, huenda malipo yake ya bima yakaipita bei yake baada ya miaka michache. Heri mnunue mfuko usiopitisha maji, na kila mwanachama atie kidogo katika sanduku la akiba. Njia hii itawafaa hata wenzetu Waislamu wenye shaka juu ya bima za kampuni. Mtasema sanduku litaliwa na mtunza hazina. Basi liwe na kufuli 3, na funguo zishikwe na watu 3.

Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen karibu na Kigoma mwaka 1916, kwanza waliipaka mitambo grisi. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kamera haina grisi. Ikizama, toeni betri upesi, wala msiiwashe kuona kama ingali hai. Msiifungue, kwa maana kampuni itataka kuiona, na taarifa ifike ndani ya siku zilizoandikwa katika mkataba. Risiti na namba ya kamera vikae nyumbani, si ndani ya mfuko wa kamera. Nimepata kuona vyote vikiopolewa pamoja.