Kijana aliyetoka jandoni anauguzwa na nani?



Mwezi wa Juni huku kwetu Newala ni mwezi wa salfa. Mabomba ya kupulizia mikorosho yananguruma tangu alfajiri, na kila mwenye pikipiki huonekana na mfuko nyuma yake. Katika pilika hizo kijana mmoja wa madrasa yetu, mwenye umri wa miaka 16, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, alipanda bodaboda iliyokwishabeba abiria mmoja na mfuko mmoja. Mteremkoni pikipiki iliteleza katika mchanga. Dereva na abiria wa kwanza walichubuka tu. Yeye alivunjika mfupa wa paja, na ncha ya mfupa ikatokeza nje ya ngozi.

Sitamtaja jina. Amenipa ruhusa ya kuyaandika haya kwa sharti hilo, na kwa sharti jingine kwamba nisimwonyeshe mama yake kuwa alikosea, kwa sababu hakukosea. Tuliokosea ni sisi.

Jambo la kwanza familia ililifanya vizuri mno. Walikuwapo waliotaka apelekwe kwa fundi wa kuunga mifupa wa kijiji cha jirani, mtu mwenye sifa na mkono mwepesi. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa wajomba, kwa hiyo kila mtu alisubiri neno la mjomba wake aliyekuwa Masasi. Mjomba alijibu kwa simu kwa maneno machache: mpelekeni hospitali, mimi nitawakuta huko. Nawaomba wajomba wote wanaosoma ukurasa huu walizingatie jibu hilo. Mfupa uliotoboa ngozi umekwishaingia uchafu. Ukifungwa vijiti juu ya kidonda hicho, usaha hujengeka ndani, na kamba zikikazwa sana damu haipiti. Mguu ambao ungepona hukatwa kwa sababu hiyo.

Hospitali ya wilaya ilimpa huduma ya kwanza, kisha akateremshwa kwenda hospitali ya rufaa. Huko kidonda kilisafishwa katika chumba cha upasuaji, akaanzishiwa dawa, na chuma kikapitishwa katika mfupa wa chini ya goti. Kwenye chuma hicho ilifungwa kamba, na kwenye kamba ukaning'inizwa uzito unaouvuta mguu ili vipande vya mfupa vikae sawa. Aliyewahi kuliona jambo hili anajua maana yake: mgonjwa hulala chali, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Hawezi kugeukia ukutani hata akitaka kulia bila kuonekana.

Kamati yetu ya msikiti ilifanya tuliyozoea kufanya. Jumapili ya kwanza tulikodi gari, tukaenda watu kumi na wawili. Tulisimama miguuni pa kitanda, imamu akaomba dua, mweka hazina akamkabidhi mama bahasha, mmoja wetu akapiga picha. Mzee mmoja akaanza kuzungumzia fidia kwa mwenye pikipiki, mwingine akasimulia habari za jamaa yake aliyekatwa mguu, na kijana yupo pale anasikiliza yote mawili. Baada ya nusu saa tukaondoka. Tulirudi hivyo mara tatu zaidi. Katika kumbukumbu za kikao nimeandika kwa mkono wangu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na familia inashukuru.

Wiki ya tano nilikwenda peke yangu kwa shughuli nyingine, nikachelewa gari la kurudi. Nikaona nilale wodini. Ilikuwa wodi ya wanaume. Mama yake, kwa utaratibu wa wodi hiyo, alitakiwa kutoka jioni, naye alikuwa akilala barazani juu ya mkeka pamoja na kina mama wengine. Kwa hiyo tangu jioni hadi asubuhi kijana alikuwa hana mtu. Hilo sikulijua mpaka usiku ule.

Magharibi ilipoingia nilitandika kanzu yangu ya akiba pembeni mwa kitanda chake nikaswali. Nilipotoa salamu nikamkuta ananitazama.

"Ustadhi," akasema, "samahani. Mimi nimesamehewa, au nitalipa zote?"

"Zote zipi, mdogo wangu?"

"Tangu nilipoanguka."

Hakuwa ameswali hata mara moja. Siku ya pili ya ajali alijua amechafuka, akajiona hana tahara, wala hajui ataipataje. Akangoja apone. Katika safari zetu nne tulimwombea dua mbele ya watu, na hakuna hata mmoja wetu, tuliosoma na tusiosoma, aliyemwuliza swali hilo dogo. Mimi niliyekaa chuoni miaka kadhaa nikisomeshwa mlango wa tahara nilikuwa miongoni mwao.

Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia mama, alinyamaza muda mrefu. Kisha yakatoka mambo ambayo daktari naye alikuwa akiyatafuta bila kuyapata. Kijana huyu alikuwa hanywi maji. Mama akimpa kikombe alinywa funda mbili, mama akigeuka akakimimina. Chakula alikuwa akila kidogo sana. Wauguzi walidhani ni maumivu, mama alidhani ni huzuni. Sababu ilikuwa moja: aliyeleta chombo cha haja, akakiondoa na kumsafisha, alikuwa mama yake. Yeye ametoka jandoni miaka mingi iliyopita. Ameambiwa na wazee wake wa kiume kwamba tangu siku ile mwili wake hautazamwi na mama. Basi akaona bora ajikaushe.

Sote tunajua mafunzo ya jando. Sisi wanaume ndio tuliomfundisha aibu hiyo, nayo ni aibu njema, kisha tukamwacha nayo kitandani peke yake. Daktari alipoelezwa asubuhi yake alitufahamisha bila kutulaumu: mwili usiopata maji na chakula cha kutosha huchelewa kufunga kidonda, choo huwa kigumu, mkojo huleta maradhi, na makalio yasiyosafishwa na kunyanyuliwa mara kwa mara hufanya vidonda vya kulala. Kwenye tako la kijana wetu ngozi ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Usiku ule tulianza na yaliyokuwa karibu. Niliomba beseni na kopo la maji. Kidonda kipo pajani na chuma kipo chini ya goti. Uso, mikono, kichwa na nyayo vilikuwa vizima. Wudhuu wake wote ulihitaji kopo moja na mtu wa kumshikia beseni. Kwa haja, karatasi safi zinatosheleza kustanji kama mawe yalivyotosheleza zamani. Ndoto za balegh nazo hazimwachi kijana kwa sababu amevunjika mguu. Kwa josho asiloliweza ipo tayamamu, na udongo safi ukiwekwa katika kopo lenye kifuniko hauwaudhi wauguzi. Kitanda hakikuweza kugeuzwa kwa ajili ya uzito ule, na anayeshindwa kuelekea kibla amepewa udhuru. Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na maradhi, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala yake, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu, ameipokea Bukhari. Kijana wetu hata ubavu hakuuweza, akaswali chali kwa ishara ya kichwa. Zile za wiki tano tulikubaliana azilipe kidogo kidogo, kila faradhi na moja ya kulipa, naye akaanza usiku uleule.

Usiku ule nilimkumbuka Saad bin Muadh (r.a.). Alipopigwa mshale mkononi katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili amtembelee kwa ukaribu. Mara nyingi tumeisoma habari hiyo kama fadhila ya Saad. Mimi sasa naisoma pia kama mpango wa uuguzi: majeruhi aliwekwa pale ambapo wanaume walikuwa wakipita mara tano kwa siku.

Na tusidhani kwamba penye vifaa vikubwa mtu wa karibu hahitajiki. Mei 6, 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia bondeni Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walisalimika wakiwa wamevunjika vibaya, wakasafirishwa kwa ndege hadi Sioux City, katika jimbo la Iowa, Marekani. Hospitali ya huko haikupungukiwa na wauguzi wala mashine; hata hivyo mama zao walipanda ndege ileile, wakakaa nao hadi waliporejea nchini Agosti 18. Mkoa wetu nao unaikumbuka Julai 26, 2022, gari la wanafunzi lilipotumbukia shimoni kule Mikindani. Tulihesabu waliofariki, tukawaswalia, na inavyostahili. Ni nani kati yetu aliyeuliza kuhusu majeruhi mwezi wa tatu baadaye?

Nilirudi Newala nikaita kikao. Nilisoma kumbukumbu zangu za zamani kwa sauti, kisha nikaeleza niliyoyakuta, bila yale ya siri. Mjomba wake alisimama akasema zamu ya kwanza ni yake. Walijiandikisha wanaume saba: binamu wawili, mwalimu wa madrasa, fundi cherehani, vijana wawili waliokwenda jando moja naye, na mimi. Kila mmoja alikaa siku mbili na usiku wake. Kazi ilikuwa kumwogesha, kupeleka chombo, kumsaidia ajinyanyue kwa kamba iliyo juu ya kitanda ili makalio yapate hewa, kumkumbusha kukaza na kulegeza misuli ya mguu kama mtaalamu wa mazoezi alivyomwelekeza, na kumsomea daftari alizonakili rafiki yake shuleni. Kunywa maji hakukuhitaji kukumbushwa. Mama yake alirudi nyumbani kwa siku nne, akalala kitandani kwake, akawaona wadogo zake kijana. Baadaye aliniambia kwamba kwa siku mbili za kwanza alijiona kama aliyenyang'anywa mwanawe, na siku ya tatu akalala mpaka jua likatoka.

Fedha ilikuwa shida nyingine. Ajali hutokea Juni, mnada wa korosho huanza Oktoba. Katikati hapo mfuko wa mkulima ni mtupu. Baba yake alikwishazungumza na mtu wa kangomba, ampe fedha sasa na achukue korosho za msimu kwa bei ya kutupa. Kangomba imepigwa marufuku na serikali, na katika sheria yetu kuuza tunda la mti fulani kabla halijaonyesha uzima wake ni jambo lililokatazwa. Lakini kumwambia haramu mtu mwenye mtoto wodini, kisha ukaenda zako, ni maneno mepesi. Kamati ilimkopesha mkopo mwema usio na nyongeza, atakaourejesha malipo ya mnada yatakapopitia chama chake cha msingi. Wajumbe wawili walipinga, wakisema fedha ya msikiti ni ya bati. Walikuwa na hoja, na bati bado halijanunuliwa.

Aliruhusiwa mwezi wa Agosti, na hapo watu wakadhani mambo yamekwisha. Nyumbani ndipo tulipokuta choo cha shimo ambacho mwenye mguu usiokunjika hawezi kukichuchumalia. Fundi seremala alitoboa kiti cha mninga, akakiimarisha miguu, kikawekwa juu ya tundu, na ukutani kikapigiliwa mti wa kushika. Uwanja wa mchanga ulimeza ncha za magongo, tukatandika mbao kutoka mlangoni hadi bafuni. Maji, kama mjuavyo huku juu, ni mpaka yapandishwe kutoka bondeni. Vijana wa jando lake wamejipangia madumu mawili kwa siku.

Shuleni mwalimu wake ameshauri arudie Kidato cha Tatu mwakani. Alipoambiwa alikasirika, akatupa gongo moja, na kwa siku nzima hakuzungumza na mtu. Sikumpa mawaidha. Nilikaa naye barazani tukabangua korosho za mwaka jana mpaka Laasiri, akaniomba nimwokotee gongo lake.

Kliniki yake inayofuata ni Jumatano ijayo, kupigwa picha ya mfupa na kuangaliwa kama anaweza kuanza kuukanyagia mguu. Gari litaondoka msikitini baada ya swala ya Alfajiri. Katika daftari la zamu nafasi ya mwanaume mmoja bado iko wazi. Anayeiweza amwone katibu.